Sepet: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu filamu ya Orked na Jason

Filamu hii nimewapa watu wengi hadi nimepoteza hesabu, na karibu kila mmoja hunirudia na maswali yale yale. Shangazi yangu alinipigia saa tano usiku kutaka kujua kama yule kijana amekufa au hajafa. Basi majibu nayaweka hapa mara moja. Ya mwanzo yanamfaa hata ambaye hajaitazama. Ya mwisho yana onyo lake: ukifika hapo na hujaiona filamu, rudi ulikotoka.

Kwa kifupi, inahusu nini?

Mapenzi. Orked ni binti wa Kimalei, Mwislamu, ndiyo kwanza amemaliza sekondari. Jason ni kijana wa Kichina anayeuza VCD za kunakili sokoni. Binti anafika bandani na rafiki yake kutafuta filamu, macho yanakutana, biashara inasahaulika. Yote yanatokea Ipoh, mji mkuu wa jimbo la Perak nchini Malaysia, mji uliotajirika kwa migodi ya bati, ambako Kikantoni utakisikia madukani sawa na Kimalei. Mwandishi na mwongozaji ni Yasmin Ahmad, na iliingia kwenye majumba ya sinema ya huko mwaka 2005.

Neno "sepet" maana yake nini?

Ni neno la Kimalei la kumwelezea mtu mwenye macho membamba, na aghalabu hutupiwa Wachina, mara kwa utani, mara kwa dharau. Kwa Kiingereza filamu ilipewa jina lenye maana ya "macho ya Kichina". Yasmin alilichukua neno la kejeli akalifanya la mahaba, maana hayo macho ndiyo Orked anayoyapenda. Ni kama msichana wa kwetu kumwita mpenzi wake kwa lile lile jina ambalo watani wa kabila lake wanamchekea nalo.

Huyo Takeshi Kaneshiro anayetajwa ni nani?

Mwigizaji wa filamu za Hong Kong na Japani, baba yake Mjapani, mama yake wa Taiwan. Tunapomwona Orked mara ya kwanza yumo ndani ya vazi la sala, anasoma Kurani. Anamaliza, anafungua kabati la nguo, na ndani zimebandikwa picha za Takeshi. Wapo waliokasirishwa na mfuatano huo. Mimi naona ndiyo picha ya kweli kuliko zote katika filamu nzima: nani kati yetu hakuwa na msahafu au Biblia juu ya meza, na picha ya mchezaji au mwanamuziki ukutani?

Wanazungumza lugha gani? Nitaelewa?

Utahitaji tafsiri ya maandishi, maana wanachanganya Kimalei, Kikantoni, Kimandarini na Kiingereza, wakati mwingine ndani ya sentensi moja. Aliyezoea mazungumzo ya Nairobi au ya Masaki hatashangaa.

Ila tega sikio, utaokota vyako. Salamu ya Kimalei ni "apa khabar?", na hiyo khabar ndiyo habari yetu. Dunia kwao ni dunia. Roho ni roh, kaburi ni kubur, askari ni askar. Bendera ni bendera hivyo hivyo, na meza ni meja, kwa sababu Mreno alipita pwani yao kama alivyopita yetu. Hata majina ya nyumbani yana ladha ya kwetu. Mama Orked ni Mak Inom, baba ni Pak Atan, na msaidizi wa kazi anaitwa Kak Yam. Hiyo "kak" maana yake ni dada, kwa hiyo ni Dada Yam, kama tunavyowaita dada zetu wa kazi. Tofauti ni kwamba Yam huyu anamtania mwenye nyumba na mwenye nyumba anamrudishia, na hakuna anayekumbushwa nafasi yake. Aliyemwigiza ni mwimbaji Adibah Noor, aliyefariki mwaka 2022. Kila anapotokea, filamu inachangamka.

Mbona mwanzo kijana Mchina anasoma shairi la Kihindi?

Shairi ni la Rabindranath Tagore, Mbengali aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Jason anamsomea mama yake kwa Kichina, na mama anazungumza naye kwa Kimalei. Usiipite haraka sehemu hii. Mama yake ni wa jamii ya Peranakan, watoto na wajukuu wa Wachina waliolowea Melaka na Penang karne nyingi zilizopita, wakachukua lugha, mapishi na mavazi ya Kimalei bila kuacha jadi zao. Utamwona na kebaya, yaani blauzi ya Kimalei, na saruni yake. Kwa hiyo kabla Orked hajaingia kwenye hadithi, tumeshaambiwa kwamba mipaka ambayo watu watakuja kuitetea ilishavukwa na mabibi zamani, jikoni na chumbani. Pwani yetu inalijua hilo vizuri.

Nani adui katika filamu hii? Nimengoja baba mkali atokee, hakutokea.

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalonifanya niendelee kuipigia debe.

Tumezoea hadithi ya mapenzi ya dini mbili iwe na baba anayefoka, mama anayezimia na mjomba mwenye bakora. Ukikosa hivyo unahisi umepunjwa. Hapa wazazi wa Orked ndio watu wanaopendana zaidi katika filamu yote: wanataniana, wanadekezana, binti yao anakulia katika nyumba ambayo mahaba si jambo la aibu. Mama anajua kuhusu Jason na moyo wake uko upande wa binti. Baba ananung'unika kidogo kama baba, basi. Mama Jason naye ni mwanamke mpole. Kwa Jason kuna tatizo, lakini si la kidini wala la kikabila: baba yake yuko kwenye kiti cha magurudumu, ana uchungu na maisha, na ndoa yake imegeuka ugomvi usiokwisha. Yaani kati ya nyumba mbili, iliyovunjika ni ile ya mume na mke wa kabila moja.

Sasa kama hakuna mzazi anayekataa, kwa nini mapenzi haya yanakuwa mazito namna hii? Kwa sababu ukuta haukujengwa sebuleni. Umejengwa kwenye matokeo ya mtihani, kwenye barua ya ufadhili, kwenye kitambulisho, kwenye midomo ya vijana wa mtaani wanaoona wivu, na kidogo pia kwenye makosa ya Jason mwenyewe. Adui wa namna hiyo huwezi kumpigia magoti akuruhusu. Baba mkali angekuwa afadhali, maana baba hulainika akimwona mjukuu.

Jason amefaulu kuliko Orked. Iweje Orked ndiye anayekwenda kusoma Uingereza?

Hapa wengi hupitwa, kwa sababu filamu inalisema jambo hili kama linavyosemwa kwao, juu juu, katika mazungumzo ya kawaida. Jason ana A saba. Orked ana A tano. Ufadhili ni wa Orked. Hakuna anayehutubia.

Nyuma ya namba hizo kuna historia. Enzi za Mwingereza Wachina wengi walifika kufanya kazi kwenye migodi ya bati, Wahindi kwenye mashamba ya mpira, na Wamalei wengi wakabaki vijijini na mashamba ya mpunga. Uhuru ulipokuja mwaka 1957, Wamalei walishika siasa, lakini biashara ya mijini ilikuwa mikononi mwa Wachina na makampuni ya kigeni. Tarehe 13 Mei 1969, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, fujo zililipuka Kuala Lumpur. Hesabu rasmi ya serikali ilitaja watu 196 waliouawa.

Mwaka 1971 ikaanza Sera Mpya ya Uchumi. Lengo lake mojawapo lilikuwa asilimia 30 ya hisa za makampuni ziwe mikononi mwa bumiputera kufikia mwaka 1990. Bumiputera, "wana wa ardhi", ni Wamalei pamoja na wenyeji wengine wa asili. Wakatengewa fungu katika nafasi za vyuo, ufadhili na kazi serikalini. Mgao wa vyuo vikuu vya umma ulifutwa rasmi mwaka 2002, lakini njia nyingine za upendeleo zilibaki.

Ukimuuliza Mmalei aliyetoka kijijini, atakwambia bila sera hiyo asingefika popote, na hasemi uongo. Ukimuuliza Mchina maskini, mtoto wa mtaani kama Jason, atakuuliza utajiri wa Wachina uko wapi kwenye nyumba yao, naye hasemi uongo. Sisi wenyewe baada ya uhuru tulibishana kuhusu nani ashike ofisi na nani ashike duka, kwa hiyo tusijifanye tunaangalia mambo ya mbali. Kazi aliyoifanya Yasmin ni kuliingiza jambo hilo la kitaifa kati ya watu wawili wanaopendana, halafu akanyamaza. Orked anapendelewa na mfumo ule ule unaomtupa mpenzi wake nje, wala hakuuomba.

Kwani wasingeweza kuoana tu?

Wangeweza, kwa sharti moja: Jason asilimu.

Ndoa za Waislamu wa Malaysia zinaongozwa na sheria za Kiislamu za kila jimbo. Wasio Waislamu wana sheria yao ya ndoa na talaka ya mwaka 1976, ambayo haimhusu Mwislamu. Katikati hakuna mlango. Tanzania kuna njia ya bomani, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawaruhusu wa dini mbili wafungishwe ndoa ya kiserikali. Malaysia Mwislamu hana njia hiyo.

Tena kuna fundo lingine. Kifungu cha 160 cha Katiba yao kinamtambua Mmalei kuwa ni mtu mwenye dini ya Uislamu, azungumzaye Kimalei kwa kawaida na kufuata mila za Kimalei. Kabila na dini vimefungwa kamba moja. Ndiyo maana Mchina akisilimu watu husema "masuk Melayu", ameingia Umalei, kana kwamba amebadili hata babu zake. Na kutoka ni kugumu zaidi kuliko kuingia. Mwanamke aitwaye Lina Joy, aliyekuwa Mwislamu akawa Mkristo na kutaka kuolewa na Mkristo, alipeleka shauri lake hadi Mahakama ya Shirikisho ili neno "Uislamu" lifutwe kwenye kitambulisho chake. Mwaka 2007 alishindwa, majaji wawili dhidi ya mmoja.

Hata hivyo Orked na Jason ni watoto wa miaka kumi na kitu. Hadithi haifiki kwenye posa. Wanaoharakia nikaha ni sisi watazamaji.

Ni hadithi ya kweli?

Si ya kweli, lakini imechotwa karibu. Mak Inom na Pak Atan wamefinyangwa kutoka kwa wazazi wa Yasmin mwenyewe, na Orked ni jina la mdogo wake. Mume wa Yasmin, Tan Yew Leong, ni Mchina. Kwa hiyo anapoandika kuhusu Mmalei na Mchina waliopendana, anaandika mambo ya mezani kwake.

Kabla ya filamu alikuwa mtu wa matangazo ya biashara, kwenye ofisi ya Leo Burnett mjini Kuala Lumpur. Matangazo yake ya sikukuu kwa ajili ya kampuni ya mafuta ya Petronas watu huko waliyasubiri kama tamthilia. Lile la mwaka 2007 linamwonyesha mtoto wa kiume wa Kichina akiulizwa anampenda nani shuleni. Anamtaja msichana wa Kimalei kwa sauti ya chini, anaomba asiambiwe, kisha msichana anaitwa na kuulizwa swali hilo hilo, naye anamtaja yeye. Wanaondoka wameshikana mikono. Lilipata Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la matangazo huko Cannes mwaka 2008. Ni Sepet nzima kwa muda wa kunywa chai.

Yasmin alifariki Julai 2009 kwa kiharusi, akiwa na umri wa miaka 51.

Ilipokelewaje kwao?

Kwa kelele. Bodi ya ukaguzi ilikata vipande. Tamasha la Filamu la Malaysia la mwaka 2005 likaipa tuzo ya filamu bora, na mwaka huo huo Tamasha la Tokyo likaipa tuzo ya filamu bora ya Asia. Mwaka uliofuata kipindi cha televisheni ya taifa kikaandaa mjadala wa kama filamu hii na ile iliyoifuata ni "pencemar budaya", yaani vichafuzi vya utamaduni. Hoja za wakosoaji zilikuwa za kawaida: binti wa Kiislamu hatembei na asiye Mwislamu, mbona kijana haonyeshwi akisilimu, na mbona wazazi wanaonyeshana mahaba hadharani namna ile.

Hoja hiyo ya tatu hunichekesha kila nikiikumbuka. Mtu na mkewe, nyumbani kwao, miaka yote hiyo ya ndoa, na bado wanaitwa wachafuzi.

Naweza kuitazama nimekaa na wazazi?

Unaweza. Hakuna cha kukufanya ukimbilie rimoti. Kuna matusi, kuna vijana wa genge wanaopigana, na kuna mambo ya kusikitisha mwishoni. Bibi yangu aliitazama yote, akauliza tu kwa nini yule binti anakula kidogo vile.

Ina kasoro?

Ndiyo. Sehemu za genge ni dhaifu. Unaona kabisa kwamba mwongozaji hana hamu nazo na anataka kurudi sebuleni kwa Mak Inom. Habari ya Maggie, dada wa mkuu wa genge, ambaye Jason amempa ujauzito, inaingia kwa pupa. Ni jambo zito la kubadili kila kitu, lakini msichana mwenyewe hapewi nafasi ya kuwa mtu. Orked anapewa filamu nzima, Maggie anapewa tumbo.

Kwa upande mwingine Sharifah Amani kama Orked, akiwa bado kijana sana, anaibeba filamu bila kutoa jasho. Ng Choo Seong, aliye Jason, ana ukavu wa mtu asiyezoea kamera, na ukavu huo ukamfaa: anaonekana kweli kijana anayeandika mashairi na kuyaficha.

Naipata wapi? Ya bure ipo?

Unaniuliza swali hilo kuhusu filamu ambayo shujaa wake anauza nakala za wizi. Sisi tuliolelewa na kanda za kukodi na sauti ya DJ Afro hatuna uso wa kumhukumu Jason. Ninachokusihi ni kimoja: hakikisha nakala yako ina tafsiri ya lugha zote, maana nyingine hutafsiri Kikantoni na kuacha Kimalei, au kinyume chake, na hapo nusu ya utamu imepotea.

ONYO: kuanzia hapa mwisho unafichuliwa. Jason amekufa au hajafa?

Tukumbushane kwanza. Orked amejua habari ya Maggie na amekata mawasiliano. Siku ya safari ya Uingereza, akiwa garini na mama yake kuelekea uwanja wa ndege, anasoma maneno ya Jason aliyokuwa hataki kuyafungua. Mama anamsihi ampigie. Wakati huo Jason yuko barabarani na pikipiki yake akimkimbilia. Anapata ajali. Orked anapiga simu. Tunamwona Jason amelala chini, damu, simu inalia pembeni. Na simu inapokelewa. Sauti ni yake. Wanazungumza.

Shangazi alidai fundi amekosea kuunganisha vipande. Hapana. Mimi naamini Jason amekufa, na sauti ile ni zawadi, Yasmin amewapa dakika ambazo barabara ilishawanyima. Rafiki yangu mmoja anashikilia kwamba simu imepokelewa kweli na ajali ndiyo isiyo ya kweli, ni hofu tu. Tumebishana miaka. Filamu inayofuata inanipa haki mimi, au karibu.

Kuna zinazoendeleza hadithi? Nifuate mpangilio gani?

Fuata zilivyotoka. Baada ya Sepet tazama Gubra ya mwaka 2006, Orked akiwa mtu mzima na mke wa mtu mwingine, Mmalei mwenzake, na akikutana na kaka wa Jason. Kisha Mukhsin ya mwaka 2007 inarudi nyuma, Orked ana miaka kumi, na safari hii anachezwa na Sharifah Aryana, mdogo wa Amani. Ukiwa na hamu bado, Talentime ya mwaka 2009 inamrudia binti wa Kimalei, mara hii akimpenda kijana wa Kihindi asiyesikia. Hiyo ndiyo filamu ya mwisho ya Yasmin. Mjini Ipoh, mwaka 2014 kulifunguliwa jumba dogo la makumbusho la kazi zake.

Sharti langu ni kwa Gubra. Majina yanapoanza kupita mwishoni, usizime. Shangazi alizima, ikabidi nimrudishie nakala.